Silaha Isiyojua Kwamba Vita Vimekwisha



Mwezi uliopita, baada ya kikao cha umoja wa wanawake pale kanisani, tulibaki wachache chini ya mwembe tukiosha vikombe vya chai. Redio ya mlinzi ilikuwa ikisoma habari za dunia. Ikataja nchi za Ulaya zilizojitoa katika mkataba unaokataza mabomu ya kutegwa ardhini. Sisi tukasema papo hapo, bila kufikiri sana, "Hao wamerudi gizani." Tulidhani wote watatuunga mkono.

Mama mmoja aliyekuwa akifuta vikombe aliweka kitambaa chini. Mwanawe wa kwanza ni askari wa jeshi letu, na amewahi kupelekwa Kongo kulinda amani. Akasema kwa upole, "Sista, wewe wanao wanalala nyumbani. Kama wangu amelala mpakani usiku, na bomu lile ndilo linalomzuia adui asimfikie, mimi ningemwomba Mungu yawe mengi."

Hatukuwa na jibu. Vikombe vilivyobaki tuliviosha kimya. Neno la mama yule halijatuondoka, ndiyo maana mwezi huu ukurasa huu hauzungumzii chanjo wala uji wa lishe. Labda utauliza, vita vya Wazungu vinahusu nini jikoni kwetu? Tuvumilie kidogo, mpendwa msomaji. Tutafika jikoni.

MAMA WA NG'AMBO YA RUVUMA

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi, tulipelekwa kufanya mazoezi katika hospitali moja ya kusini. Wodini kwetu alilazwa mama kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alitembelea mguu wa mti aliochongewa na shemeji yake, na mti ule ulikuwa umekichubua kigutu mpaka kikafanya kidonda. Kila asubuhi kazi yetu ilikuwa kukiosha kidonda kile na kukifunga upya.

Siku moja alitueleza yaliyompata. Alikuwa akienda shamba kuchimba mihogo, mtoto mgongoni, kwa njia aliyoipita tangu utotoni. Vita vya Msumbiji vilikwisha kwa mkataba wa amani wa mwaka 1992. Yeye alikanyaga bomu mwaka 1996. Mtoto alipona, kwa kuwa mwili wa mama ulimkinga. Akatuambia, "Aliyelitega alikwenda kwao. Huenda ana wajukuu sasa. Lakini bomu lake lilibaki likinisubiri mimi."

Tumewauguza watu wa ajali za magari, wa mapanga na wa moto, lakini jeraha la bomu la ardhini lina ukatili wake. Mlipuko unatoka chini kwenda juu. Unasukuma udongo, majani, vipande vya kiatu na vya mfupa ndani kabisa ya nyama, juu kuliko jicho linavyoona. Daktari hulazimika kukata zaidi ya pale palipoumia, na mara nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara mbili, tatu au zaidi. Mtoto ndiye huteseka kupita wote. Kwanza, ni mfupi, hivyo mlipuko humfikia tumboni na usoni. Pili, anakua. Mfupa ndani ya kigutu huendelea kurefuka na huenda ukahitaji kukatwa tena, na mguu bandia humpungukia kila baada ya miezi michache kama vile viatu vya shule vinavyowapungukia watoto wetu. Mama gani wa kijijini ataweza gharama hiyo mpaka mwanawe atimize miaka kumi na minane?

Tena tufahamu kwamba jambo hili si bahati mbaya. Mabomu mengi ya aina hii yalibuniwa yajeruhi badala ya kuua, kwa hesabu kwamba askari aliyekufa huachwa, bali aliyejeruhiwa huhitaji wenzake wawili au watatu wa kumbeba. Waliokaa mezani kuchora chombo hicho walikuwa watu wenye elimu, na bila shaka wengi wao walikuwa baba za watoto.

JINSI WATU WA KAWAIDA WALIVYOSEMA HAPANA

Kwa miaka mingi majeshi karibu yote yalikuwa na mabomu haya, na aliyelalamika aliambiwa kuwa hajui mambo ya vita. Waliolianzisha jambo hasa ni wale waliowahudumia majeruhi: madaktari, watengenezaji wa miguu bandia, watu waliorudi kutoka Kambodia, Afghanistan na Angola wakiwa wamechoka kukata miguu ya wakulima. Mwaka 1992 mashirika sita yaliungana kuanzisha kampeni ya kimataifa ya kuyapiga marufuku, na mratibu wake akawa mwanamke wa Marekani, Jody Williams. Mwaka 1996 mama mwingine, Graça Machel wa Msumbiji, aliupelekea Umoja wa Mataifa taarifa yake kuhusu watoto katika vita, na mabomu ya ardhini yalikuwa na sehemu yake humo.

Wengi wetu tunakumbuka picha za Januari 1997, za Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza, akitembea katika njia iliyosafishwa huko Huambo, Angola, amevaa kinga ya kifuani na usoni. Wapo wanasiasa wa nchi yake waliokasirika na kumwona anaingilia yasiyomhusu. Mwezi Agosti mwaka huohuo alifariki. Desemba 1997 nchi zaidi ya 120 zilitia sahihi mkataba mjini Ottawa, Kanada. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo. Mwaka ule Tuzo ya Nobel ya Amani ilikwenda kwa Jody Williams na kampeni yake. Mkataba ulianza kutumika Machi 1999, na mwaka 2004 nchi wanachama zilikutana Nairobi kuupima ulikofikia.

Je, ulisaidia? Tazameni Msumbiji. Mwezi Septemba 2015 nchi ile ilitangazwa kuwa imeondolewa mabomu ya ardhini yote yaliyojulikana. Na pale Huambo alipotembea Diana, mwanawe Harry alipopita mwaka 2019 alikuta mtaa wenye nyumba na watu.

PANYA WA MOROGORO

Hapa tuna habari ya kutufurahisha, maana imetoka nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji hufundisha panya buku kunusa baruti. Ndiyo, panya buku haohao wanaotumalizia mahindi ghalani! Panya huyu ni mwepesi, hivyo hupita juu ya bomu lisilipuke. Akinusa baruti hukwaruza ardhi, mwalimu wake huweka alama, na panya hupewa kipande cha ndizi. Eneo ambalo mtu mwenye mashine ya kutambua chuma angelikagua kwa siku hata nne, panya hulimaliza kwa nusu saa, kwa kuwa yeye hababaishwi na misumari wala vifuniko vya soda.

Panya hao walifanya kazi Msumbiji. Mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, na kwa miaka mitano aligundua mabomu na vilipukaji zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza linalohudumia wanyama. Alikufa Januari 2022 baada ya kustaafu. Nasi wauguzi tuna sababu nyingine ya kuwapenda: wenzake hunusa makohozi na kuwagundua wagonjwa wa kifua kikuu ambao darubini iliwapita.

Tunaposikia kwamba akili ya mwanadamu katika mambo ya vita haina breki, yafaa tukumbuke kwamba akili hiyohiyo ilimtazama panya ikamfanya mwokozi. Swali ni moja tu: tumeitumia akili yetu kwa faida ya nani?

HOFU IMERUDI

Sasa turudi kwenye habari ya redio. Mwaka 2025 nchi tano zilizo jirani na Urusi, yaani Finland, Estonia, Latvia, Lithuania na Poland, ziliamua kujitoa katika mkataba huu. Kabla ya hapo, Novemba 2024, serikali ya Marekani, ambayo haijawahi kujiunga, iliamua kuipa Ukraine mabomu hayo. Urusi nayo haimo katika mkataba, na imeyatega kwa wingi nchini Ukraine.

Tusiwahukumu upesi kama sisi tulivyofanya chini ya mwembe. Finland ina mpaka na Urusi wenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,300. Bibi na babu zao walivamiwa mwaka 1939. Finland iliingia katika mkataba, ikateketeza mabomu yake zaidi ya milioni moja, kisha ikamwona jirani akivamia Ukraine mwaka 2022. Wengi wetu tumewajua wamisionari wa Kifini waliokuja kutufundisha na kutuuguza. Wale si watu wapenda damu. Ni watu wenye hofu, na mama wa Finland anayemwaza mwanawe mpakani hana tofauti na yule mwenzetu aliyekuwa akifuta vikombe.

Wanaotetea uamuzi huo wanasema mambo matatu. La kwanza, adui asiyefuata sheria hawezi kuzuiwa na anayefunga mikono yake mwenyewe. La pili, nchi ndogo haina askari wa kutosha kusimama kila hatua ya mpaka. La tatu, mabomu ya siku hizi mengine yana betri, na betri ikiisha bomu halilipuki tena. Hoja hizi si za kijinga, nasi hatukuweza kuzijibu siku ile.

WAYA WA UMEME KWENYE UA

Jibu lilitujia baadaye, tena kutoka kazini. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea mtoto wa miaka tisa aliyeungua mikono yote miwili. Jirani yao alikuwa akiibiwa kuku. Amechoka kukesha, akaunganisha waya wa umeme kwenye ua wake wa nyuma na kwenda kulala. Alfajiri mpira wa watoto ukaingia uani. Mwizi hakuja usiku ule. Aliyekuja ni mtoto.

Jirani yule alikuja wodini akilia. Hakuwa mtu mbaya. Kuku wake waliibwa kweli, na polisi walikuwa mbali kweli. Hata waya wenyewe alikusudia kuuondoa asubuhi. Kosa lake ni kwamba aliweka mahali pake kitu kisichojua kuuliza, "Nani wewe?" Yeye mwenyewe angekuwa macho na rungu mkononi, angemwona mtoto na kucheka. Waya haukuweza.

Hapo ndipo tulipoona tatizo la bomu la ardhini. Askari anaweza kumwona mtu ameinua mikono akaacha kupiga. Bomu haliwezi. Halitofautishi adui na mama mwenye mtoto mgongoni, wala mwezi wa vita na mwezi wa mavuno. Lile la betri nalo, kabla betri haijaisha, halijui zaidi ya hayo. Na likiisha, nani atamwambia mama wa shamba kwamba sasa lile lililolala njiani halina nguvu? Bado ataliogopa shamba lake, na watoto watashinda njaa.

Tena jambo hili halikuishia kwenye mabomu. Siku hizi zinatengenezwa ndege ndogo zisizo na rubani na mashine nyingine zinazoweza kuchagua na kupiga zenyewe bila mtu kuamua. Oktoba 2023 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, pamoja na Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Mirjana Spoljaric, waliziomba nchi zikubaliane sheria juu ya silaha hizo ifikapo mwaka 2026. Swali ni lilelile la waya wa kwenye ua. Je, kuna kazi ambayo mtu hapaswi kumwachia kitu kisicho na dhamiri, hata kama kinamrahisishia usingizi? Sisi tunaamini ipo. Kuamua nani afe ni mojawapo, kwa kuwa anayeamua lazima awepo mtu wa kuulizwa, mbele ya watu na mbele za Mungu.

TUFIKE JIKONI

Tuliahidi kufika jikoni. Novemba 2017, katika shule moja ya msingi wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, bomu la mkono lililipuka. Watoto kadhaa walikufa na makumi walijeruhiwa. Ilielezwa kwamba mtoto aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Akina mama, ni wangapi kati yetu wana watoto wanaookota vyuma ili wapate hela ya daftari au ya maandazi? Sisi wenyewe tumewahi kumpokea mwanetu na mfuko wa vyuma tukamsifu kwa bidii, bila hata kufungua mfuko tukatazama kilichomo.

Basi tuyafanye haya, hasa tunaokaa karibu na mipaka, karibu na kambi au mahali palipowahi kuwa na vita:

1. Tumfundishe mtoto kwamba chuma asichokijua hakiguswi, hakipigwi jiwe, hakitupwi motoni, wala hakiletwi nyumbani. Arudi kwa njia aliyoijia na kumwambia mtu mzima.

2. Mtu mzima asikisogeze. Aweke alama kwa mbali, azuie watu, awaarifu polisi au mwenyekiti wa kijiji.

3. Mtu akijeruhiwa na damu inatoka kwa nguvu, kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi wala usiachie kila mara kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza mpaka damu ikome, andika saa uliyofunga, mkimbize hospitali. Usipake majivu, mafuta ya taa wala kahawa. Kilichozama ndani ya mwili usikichomoe.

4. Kama umetega waya wa umeme au sumu kwa ajili ya wezi, leo hii kategue.

Na jambo la tano halina namba ya hospitali. Tusikilize yale tunayowaambia watoto wetu wanapoonewa. Tukimwambia mtoto kwamba akiogopa kila kitu kinaruhusiwa, tumekwisha kumfundisha vita. Hofu ni halali. Hata Bwana wetu alitoka jasho bustanini. Lakini mtoto ajue mapema kwamba yapo mambo ambayo watu wa nyumba hii hawayafanyi, hata wakiogopa.

TULIPORUDI KWA MWENZETU

Juma lililopita tulikwenda kumtembelea yule mama wa askari. Tulimkuta akichambua mchele. Tukamwomba radhi kwa kusema upesi mbele ya hofu yake, kisha tukamweleza habari ya waya na ya mama wa Ruvuma. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na mchele.

Akasema kwamba naye alikuwa amempigia mwanawe simu na kumwuliza. Kijana alimjibu, "Mama, bomu halina upande. Ukisonga mbele ni lako, ukirudi nyuma usiku ndilo linalokuua wewe."

"Kwa hiyo umeridhika?" tukamwuliza.

Akatikisa kichwa. "Sista, nimeelewa. Lakini mimi bado ni mama. Usiku nikiamka, silioni bomu wala mkataba. Namwona yeye tu."

Hatukumhubiria. Tulichukua ungo wa pili tukachambua naye, na kabla ya kuondoka tukamwombea kijana wake kwa jina, tukawaombea na vijana wa upande wa pili, ambao majina yao mama zao wanayajua. Aliitikia amina zote mbili. Ile ya pili ilichelewa kidogo, nasi hatukumlaumu.

Mpaka mwezi ujao, wapendwa, Mungu awalinde pamoja na wote mnaowangoja warudi nyumbani.